Wavinya Ananifundisha Kuvuka Wimbi

Jumapili, 2 Februari 2025

Jana jioni binti yangu Wavinya alikuja na habari mbaya, akaieleza vizuri. Mwanafunzi wake amepata kazi Mombasa na ameshaondoka. Mtihani wake wa ukocha wa ubao wa kuvutwa na boti ni tarehe 22. Sharti: kocha alete mtu aliyemfundisha tangu hajui kitu, na mtu huyo avuke mawimbi ya boti hewani, atue amesimama. Akishindwa, mwenye bwawa tunakofanyia mazoezi ataleta kocha kutoka Naivasha. Wavinya atarudi kuosha boti.

Amebaki na mwanafunzi mmoja. Mimi. Miaka hamsini na mitatu, ripota wa mahakama. Nilianza Novemba kwa sababu nilichoka kumsubiri kwenye benchi.

Hali yangu ilivyo: boti inapokuvuta juu ya ubao, huacha mawimbi mawili nyuma yake, kushoto na kulia, na maji laini katikati. Naweza kurukia wimbi moja na kutua katikati. Kutoka wimbi hadi wimbi sijawahi.

Nilimwambia sawa, Mama. Ana jina la marehemu mama yangu. Nimemwita Mama tangu azaliwe.

Jumanne, 4 Februari

Mazoezi juu ya paa la ploti, jengo letu la kupanga hapa Tassia, kati ya nguo za watu. Wavinya alifunga kishikio cha kamba kwenye vyuma vya tanki la maji. Nilisimama kwenye godoro, ubavu mbele, mikono karibu na nyonga. Kamba ikivutwa mbali na mwili, mwili hupinda. Hilo nimelielewa.

Selpher wa orofa ya tatu alipanda kuanika shuka. Akauliza kama hiyo ni tiba ya mgongo. Wavinya akasema ni somo la kuruka.

"Kuruka kwenda wapi, Baba Wavinya? Hilo tanki likikufuata, ploti nzima tutaoga bure."

Jumamosi, 8 Februari

Bwawani, kule nje ya Ruai. Maji tulivu. Nimeanguka kila safari, na kila mara vilevile.

Nuh, dereva wa boti, amelitaja kosa kabla ya mtu yeyote. "Mzee, unarukia hilo wimbi kama mtaro wa majitaka kule mtaani Pipeline."

Kweli tupu. Sisi tumekulia kwenye mitaro. Unaangalia chini, unaruka mapema, unaomba viatu visiguse. Kwenye wimbi ni kinyume. Hutakiwi kuruka. Unayakata maji kwa ukingo wa ubao, polepole, halafu kwa nguvu zaidi na zaidi, na huachi ukingo mpaka wimbi liko chini ya miguu. Hapo unanyoosha magoti tu. Wimbi ndilo linalokurusha. Macho ng'ambo, si chini.

Wavinya alinieleza hayo yote kwa kipaza sauti alichoazima kanisani. "Baba, samahani, ukifika kwenye wimbi, tafadhali usiruke, simama tu."

Alipofika kwenye "tafadhali" nilikuwa tayari ndani ya maji.

Jumapili, 9 Februari

Nimelala nikilifikiria kosa hilo. Mafundisho ya Wavinya ni sahihi. Yanachelewa. Sentensi ndefu kuliko wimbi, na kinachoirefusha ni heshima.

Baada ya ibada nilimwambia. Akasema hawezi kumfokea babake mbele ya watu.

Nikamuuliza amebeba jina la nani.

"La nyanya."

"Nyanya yako hakuwahi kuniambia tafadhali. Alikuwa ananiita mara moja, nami nilikuwa nishafika."

"Baba, hiyo ni tofauti."

"Jina ni lile lile, Mama."

Aliosha vyombo kwa kelele nyingi kuliko kawaida.

Jumatano, 12 Februari

Nimechukua siku moja ya likizo. Safari ya kwanza: "Baba, tafadhali—" Majini.

Safari ya pili nilikata kutoka mbali, upande wa kulia. Wimbi likakaribia. Kipaza sauti kikalia jina langu:

"Muthama! Simama!"

Nilisimama. Sikuamua. Magoti yalinyooka yenyewe, kama mtoto aliyeitwa kutoka barabarani. Nikaona wimbi la pili likipita chini yangu. Nikatua kwa kisigino, nikaanguka. Lakini nilikuwa nimevuka.

Nuh karibu atupeleke kwenye matete. Akazima injini, akanitazama nikielea. "Mzee, umeitwa jina kavu hivyo, bila hata Baba, na umenyamaza?"

Wavinya alikuwa ameshika kipaza sauti kwa mikono miwili. Uso mkavu. Akasema: "Tena."

Jumamosi, 15 Februari

Nimetua.

Nitaandika bila kuongeza. Nilitoka nje ya wimbi mpaka kamba ikakaza. Nikahesabu pumzi moja. Nikaingia, ukingo ukishika zaidi kadiri nilivyokaribia. "Mikono!" Nikairudisha kiunoni. "Ng'ambo!" Nikatazama mti mkavu kwenye ukingo wa pili wa bwawa. "Simama!" Halafu kimya, kwa sababu juu hakuna maji ya kupiga kelele. Ubao ukagusa upande wa pili, magoti yakapokea, nikaendelea kuvutwa.

Nikarudia. Mara ya tatu nikaanguka, na nilijua sababu kabla hajaniambia. Hiyo nimeipenda kuliko mruko wenyewe.

Nimeripoti ushindi wa watu wengi maishani. Leo nilikuwa karibu kabisa na mmoja, na si wangu. Yule msichana alikuwa na maneno matatu tu, na kila neno lilifika kwa wakati wake.

Alhamisi, 20 Februari

Mbavu zinauma. Kortini karani ameniuliza nimeumizwa na nani. Nikamjibu: binti yangu. Akacheka.

Chakula cha jioni Wavinya hakukigusa. Mtahini ni Bwana Patrobas, mzee wa kanisa, mwenye mvi. Wavinya anaogopa kwamba mzee akinisikia nikiitwa jina kavu, atamwona hana malezi.

Nilimwambia mimi niko kwenye kamba, yeye yuko kwenye boti. Aamue mwenyewe.

Jumamosi, 22 Februari

Naandika kwenye benchi, taulo mabegani.

Safari ya kwanza, Bwana Patrobas akiwa ameketi kando yake, Wavinya alianza: "Baba, tafadhali—" Nikaanguka pale pale. Boti ikazunguka kunichukua. Nilimwona akikitazama kipaza sauti. Sikumsaidia hata kwa macho.

Safari ya pili: "Muthama. Mikono." Sauti ya kawaida, haikupanda. "Ng'ambo. Simama."

Nikavuka. Nikatua. Safi kuliko ya Jumamosi iliyopita.

Tulipofika ukingoni Bwana Patrobas akamuuliza, "Huyo si babako?"

"Ndiye."

"Na unamwita hivyo?"

"Akiwa kwenye kamba, ndiyo. Akishuka ni Baba."

Mzee hakuandika chochote. Akavua viatu, akavua saa, akampa Nuh. Akasema hajavuka mawimbi mawili tangu goti lake lifanyiwe upasuaji, na anataka kuona kocha akifundisha mtu asiyemjua. Akajifunga ubao miguuni mwenyewe.

Sasa wako katikati ya bwawa. Ameanguka. Anaruka mapema mno, huyu naye. Labda na kwao kuna mitaro. Nuh amerudisha boti karibu naye. Mvi zinaelea juu ya maji, na Wavinya amesimama amemwinamia, mkono kiunoni, akimwonyesha. Mzee anatikisa kichwa kukubali.

Wameanza upya. Kamba imekaza, ametoka majini. Anakata kuingia kwenye wimbi. Wavinya ameinua kipaza sauti.

"Patrobas. Mikono."

Ameirudisha kiunoni.