Chatu wa Osniel na Nguruwe wa Krismasi

Shoga uko wapi?? Shika simu! Nimetoka kwa Eneida sasa hivi, mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Unamkumbuka chatu wa mkwewe, Osniel? Yule aliyeapa mbele ya ukoo mzima kwamba amempeleka bustani ya wanyama, ndipo Eneida akamruhusu ahamie chumba cha uani na mkewe?

Uongo mtupu! Alimwachilia nyoka mferejini, nyuma ya nyumba hiyohiyo!

Leo Eneida anatoka kumchukua nguruwe wa Krismasi. Wageni wamejaa, makaa yanawaka kwenye sanduku la kuchomea nyama. Anakuta kamba tupu, na pembeni chatu amejilaza, tumbo kama pipa.

Osniel akakunja uso: "Mama, hawa nyoka wa mwituni wamezidi Florida hii."

Wa mwituni!!

Akaja jamaa wa kukamata nyoka, akamkaba chatu shingo. Osniel akajisahau, akapiga ukelele: "Taratibu kaka! Lulú hapendi kushikwa shingo!"

Lulú, shoga. LULÚ. Hata muziki ukazimwa.

Eneida akauliza, "Jina umelijuaje?"

"Nime... nimekisia tu, mama."

Amekisia!! Nikauma kitambaa cha meza nisiangue kicheko.

Eneida hata sauti hakupandisha. Akafunua lile sanduku, makaa mekunduuu, akamgeukia mkwewe: "Wageni wangu wana njaa, mwanangu, na nafasi ya nguruwe iko wazi. Vua shati."