Begi la Nairobi Msilifungue

Mama, shikamoo.

Maharage yako jikoni, Mwanaheri ayaangalie yasiungue. Begi msilifungue. Kadi ya njano nimeiweka ndani ya pasi.

Yaani tangu nichomwe ile sindano ya homa ya manjano naota tu. Nimesimama mpakani Namanga, mguu mmoja huku, mmoja kule, na ukungu wa Uluguru umenifuata mpaka pale, askari anauuliza pasi yake iko wapi.

Halafu leo asubuhi unaniambia siendi likizo Nairobi kwa dada Raya mpaka mjomba Sufiani ashuke kutoka Kinole aninyunyizie maji ya unga, anibariki kwa safari. Nikacheka. Nikasema sindano inatosha, mjomba siyo daktari. Ukanyamaza, ukaanza kuzikunja nguo zangu upya.

~~Napanda basi la saa nne, msinisubiri.~~

Hapana, napanda mlimani Kinole kwa mjomba. Najua amenuna, pasi niliihangaikia bila kumwambia, wakati kwetu mpwa ni wa mjomba. Nitamwomba radhi. Akikubali, tutashuka wote. Akikataa, siendi tena; koti langu la mtumba la safari avae mdogo wangu Mwanaheri.

Siwezi kuvuka mpaka ule huku wewe umeninyamazia.

Mwanao,
Salehe