Kete Iliyorudi

Dada Kadzo,

Hili sijamwambia mtu. Siku tulipokuzika nililia kwa hasira, na shangazi akanifuta machozi akidhani ninakulilia wewe.

Likizo yako ya mwisho ulirudi Matsangoni kutoka chuo kikuu na ile kazi yako ya fizikia, ukachora mistari miwili mchangani nyuma ya jiko. Ukanieleza kwamba bamba jembamba likitiwa kwenye baridi kali na sumaku yenye nguvu, umeme hupita pembezoni tu. Ukingo wa juu elektroni zinakwenda mbele, ukingo wa chini zinarudi nyuma, na hakuna inayoweza kugeuka njiani. Lakini kingo zikikaribiana, baadhi huvuka. Wewe ulitaka kujua ni ngapi. Kete za bao za babu zikawa elektroni, na penye kila mwanya, pale mistari ilipokaribiana, tulirusha shilingi. Ikiangukia kichwa, kete inavuka.

"Wewe sukuma tu, usifikiri," ukaniambia. "Utaumwa na kichwa bure."

Kila kete iliyovuka uliitoa ukaihesabu kwamba imekwisha. Nikakuuliza mbona hata iliyovukia mwanya wa pili unaitoa, na mstari wa chini unarudi nyuma? Si itaupitia tena mwanya wa kwanza, na huenda ikavuka kurejea juu?

Majirani walikuwa wamekuja kukuamkia. Ukawageukia. "Jamani, msikieni profesa wa Matsangoni. Kaptura imempasuka matakoni, naye anasahihisha chuo kikuu."

Walicheka. Mama alicheka hadi akaweka ungo chini. Nikaingia ndani, na dirishani nikakuona umeirudisha ile kete kwenye mstari wa chini, unaisukuma polepole hadi mwanya wa kwanza. Hukuniita.

Ukarudi chuo, homa ikakupanda kichwani, tukaletewa maiti. Kaburini alisimama mwenzako wa darasa, Njoroge. Alisema, "Sisi sote tuliihesabu elektroni iliyovuka kwamba imekwenda. Kadzo peke yake ndiye aliyeona kwamba hurudi." Watu wakaangua kilio.

Mama hajui elektroni ni nini, lakini maneno hayo ameyashika. Kila mgeni akija kutoa pole huambiwa: "Mwanangu ndiye aliyeona kwamba hurudi."

Jana nilishindwa kuvumilia. Alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia, Mama, hilo nililiona mimi, Dada alinisikia.

Akaacha kukuna. "Mwenzio yuko mchangani, nawe wataka kumnyang'anya hata hilo?" Kisha akacheka, kicheko chako hasa. "Profesa wa Matsangoni." Akaendelea na nazi yake.

Basi kaa nalo, Dada. Sitalidai tena, maana wewe huna lingine utakaloongeza, na Mama hana lingine la kuwaambia wageni. Lakini usidhani nimekusamehe. Hapa wananicheka bila kuelewa. Wewe ulinicheka na ulikuwa umeelewa, na mtu wa namna hiyo sina tena.

Lala. Nitakaloliona baada ya hili nitalisema kwa sauti, hata kama kaptura imepasuka.

Leo baada ya shule nilichukua kete za babu nikaenda nyuma ya jiko. Mvua imeifuta mistari yako. Nikaichora upya yote miwili, halafu nikachora wa tatu, ambao wewe hukuwahi kuuchora. Nikapanga kete, nikarusha shilingi.