Noti za Seng-hok

Fuzhou, 3 Machi 1922

Mwanangu Sieu-ding,

Hujambo huko kwenye mashamba ya mpira? Mama yako mzima, anakusalimu. Mimi pia mzima, kasoro macho. Kuandika naandika, maandishi makubwa kama ya mabango ya dukani, lakini kusoma ndiyo basi.

Noti bado nakata. Bwana Ngu, tajiri wetu wa Benki ya Seng-hok, ananitania kwamba hata nikifungwa kitambaa usoni kisu changu kitapita katikati ya mhuri na kupinda kipendavyo. Nusu ya mhuri inakwenda sokoni na noti, nusu inabaki kwenye kishina, kipande tunachokiweka benki. Noti ikirudi tunazikutanisha, na zisipooana, aliyeileta anatoka mbio! Miaka ishirini na sita hakuna noti yangu iliyotiliwa shaka. Kwa hiyo acha kunisumbua na habari za kuhamia Sibu. Nikija huko nitakata nini, migomba?

Baba yako

Sibu, 11 Aprili 1922

Baba, shikamoo.

Hali yako, na ya mama? Mimi mwili mzima, moyo ndio hautulii. Jana nimekutana na baharia wa kwetu. Anasema sanduku la fedha la Seng-hok limebaki na panya watupu. Baba, nakuomba, chukua noti zako zote za akiba ukabadilishe upewe sarafu za fedha. Leo hii, usingoje kesho. Na usimwambie mtu. Halafu pandeni meli mje, nyumba ninayo, ina vyumba viwili.

Nijibu upesi.

Mwanao, Sieu-ding

Fuzhou, 30 Mei 1922

Mwanangu,

Tu wazima, usishtuke.

Barua yako nilimpelekea Bwana Sia anisomee, pale kwenye meza yake, kando ya muuza supu ya samaki. Sauti ya Bwana Sia unaijua. Nilimkanyaga mguu anyamaze, lakini walaji walishasikia nusu: Mzee Hii, mkata noti wa Seng-hok, anabadilisha noti zake! Barua ya nani, hawakujua.

Asubuhi yake watu walijaa mbele ya benki hadi darajani. Mwanangu, sanduku lilikuwa limejaa. Baharia wako alikudanganya. Tulilipa mpaka saa sita mchana, lakini hakuna benki mjini hapa inayoweza kulipa noti zake zote kwa siku moja. Wa kwanza kukosa alipiga kelele, na desturi yetu unaijua: benki ikishindwa kumlipa mmoja, imekuwa mali ya mtaa. Walibeba meza, milango, vigae vya paa. Mama mmoja alipita na ngazi kichwani, akaniambia, "Samahani, Mzee Hii, wenzangu wameshamaliza viti."

Wazee wa chama cha mabenki waliniita. "Maneno haya kayatoa nani?" Nikasema ni yangu, ni uzee tu. Ningekutaja, ungerudi wapi? Wameamua nisishike kisu katika benki yoyote ya Fuzhou. Bwana Ngu tukikutana anavuka barabara. Hilo linaniuma kuliko yote. Bwana Sia nimemwapisha anyamaze. Nawe nyamaza, usirudi.

Baba yako

Sibu, 2 Julai 1922

Baba, shikamoo. Shikamoo, mama.

Bwana Sia, za kazi? Barua hii usiisome polepole. Simama juu ya benchi, uisome kwa sauti yako yote, na baba akikukanyaga mguu, vumilia.

Nyote mnaokunywa supu hapo, habari zenu. Mimi ni Hii Sieu-ding, mtoto wa mkata noti. Maneno ya Seng-hok yalikuwa yangu. Niliyaokota kwa mlevi wa melini, na sikumuuliza mtu wa pili. Niliyapenda, kwa sababu nilitaka baba yangu akose kazi aje akae kwangu. Yeye hakuyaanzisha. Alinificha mimi. Bwana Ngu, kama hupo hapo, naomba mtu akuite, Bwana Sia arudie toka juu.

Meli yangu inaondoka Singapore tarehe kumi na nne. Mwenye hasira anisubiri gatini. Baba yangu mrudishieni kisu chake.

Baba, najua umenikataza.

Mwanao, Sieu-ding