Tulikuita Mhispania

Tumba, Stockholm, Jumapili ya pili ya Novemba

Baba Neema mpenzi,

Leo baada ya ibada Mama Furaha, yule Mkongo anayetupikia maharage kanisani, alinishika mkono akasema, "Pole, mama. Tunamukumbuka shemeji Muhispania." Nikamshukuru. Sikumsahihisha. Miaka yote sikumsahihisha mtu.

Wewe ulijaribu. Siku ya kwanza nilipokupeleka pale ulisimama na sahani yako ukawaambia, "Mimi hapana Mhispania. Mhispania alikuja kwetu na farasi, akakataa kuondoka." Walicheka, wakakuongezea ugali, na jina likabaki. Kwetu kila anayesema Kihispania ni Mhispania, awe wa Chile, wa Peru au wa Bolivia kama wewe. Hata mimi nikimpigia mama simu kule Same, nilisema "mume wangu Mhispania", kwa kuwa kueleza kulinichosha.

Nyumbani ulinieleza huku ukimenya viazi. Kihispania ulikikuta shuleni, ukachapwa kwa ajili yake. Mama yako alisema Kikechua, lugha ya kwenu kabla ya Wahispania, mpaka anazikwa. Ukaniuliza, "Na wewe, ni Mswahili?" Nikakwambia mimi Mpare, ni huku Stockholm tu ndiko sote tunaitwa Waswahili. Ukafurahi sana. Ulinifundisha kusema viazi kwa lugha ya mama yako, nami nikasahau wiki ileile. Nilidhani muda upo.

Kiharusi kilipokupata, Kiswidi chetu cha nyumbani kilikutoka kwanza, kisha, kumbe, na Kihispania. Ukabaki unasema maneno marefu huku ukinitazama mimi. Nesi aliuliza unasema lugha gani. Na mimi, mkeo, ndiye niliyejibu: Kihispania. Neno lilikuwa limezoea kinywani mwangu, likatoka lenyewe.

Wakamleta mkalimani, binti mpole. Akainama, akasikiliza, akauliza, akasikiliza tena. Kisha akanigeukia. "Mama, hiki si Kihispania."

Neema akaniuliza kwa Kiswidi baba anataka nini. Nikaomba mkalimani wa Kikechua, wakasema watamtafuta, na najua walimtafuta. Nilikupa maji, ukageuza uso. Nikakufunika, ukalisukuma blanketi. Ukarudia yale yale, polepole, kama mtu anayemwelekeza mtoto njia. Nilikuwa nakuitikia "ndiyo, ndiyo," ili usijione peke yako, na nadhani ulijua kwamba sijaelewa. Siku ya tatu asubuhi ulinyamaza. Mkalimani alikuwa hajapatikana.

Neema anasema niliache hili, kwamba wagonjwa husema mengi. Lakini hukuwa unaweweseka. Uliniangalia machoni. Nimejaribu kuyashika yale maneno niyapeleke kwa mtu, nimebaki na mlio wake tu, nao kila siku unapungua.

Hata kama ulitaka dirisha tu lifunguliwe, nilikuwa hatua mbili kutoka dirishani. Nisamehe. Na hapo ulipo, pamoja na mama yako, mkiongea bila mkalimani, unikumbuke.

Mkeo,
Mama Neema