Salimu Kampisha Mzee

Shikamoo bibi, mke wangu wa Magoma. Huku ng'ambo kwa Wabaski, kwenye mashindano, mvua haikatiki, na mjukuu wako Salimu kanimaliza kabisa.

Hii pelota ni ule ule mpira mgumu tunaoutwanga kwa kiganja kwenye ukuta wa korona, kile kiwanda cha mkonge kilichokufa, ila huku yamejaa mataifa na ukuta unang'aa kama sahani. Mimi niliwachachafya, uliza yeyote! Kiganja kimevimba kama andazi. Ikabaki pointi moja tuingie nusu fainali.

Mpira ukaja polepole mbele ya Salimu, hata mtoto angeupiga. Nyuma yake akaja mbio mpinzani wetu mmoja, mzee ana mvi kichwa kizima. Salimu akafanya nini? Akarudi nyuma, akainamisha kichwa. "Shikamoo mzee, pita." Mzee akapita kweli, akaupiga, na tangu hapo hatukupata tena pointi. Tumetolewa!

"We Salimu, unampisha mtu kisimani?" nikamfokea.

"Mtu mzima yule, Hamisi. Bibi angesemaje?"

Kumbe ni wewe, bibi! Umemlea vizuri mno, umetufunga ukiwa umekaa jikoni kwako. Na ukumbi mzima ulimpigia makofi yeye, siyo mimi.

Tukirudi utuchinjie kuku. Firigisi yangu, nimeitolea jasho. Salimu mpe shingo, na hata hiyo hataigusa mpaka wewe umalize kula. Mungu akutunze, kipenzi.

Mumeo,
Hamisi