Vinyoya Viwili Vyeupe

Mwenzangu, ule uvumi kwamba jaji wa maonyesho ya kuku wa asili hufunua bawa na kumtoa mashindanoni jogoo mweusi mwenye hata kinyoya kimoja cheupe, wiki nzima haukunitoka kichwani.

Basi leo asubuhi binti yangu akiwa anaoga, nikamng'oa jogoo wake vinyoya viwili vyeupe chini ya bawa. Viwili tu!

Ameshinda. AMEKUWA WA KWANZA!

Jaji kafunua bawa, kasema, "Mama, huyu ni mweusi tii. Mbegu safi." Mbegu safi, mwenzangu! Nikacheka kama mjinga.

Mwenyekiti wa chama chetu cha wafugaji akadakia, "Huyu ndiye baba wa vifaranga vyetu vyote mwaka huu." Kambeba, kaenda naye kwake! Binti naye anamwambia kila mtu, "Nilimchagua mwenyewe tangu kifaranga."

Vinyoya vitaota tena, vyeupe vilevile, uani kwa mwenyekiti. Nikisema, mtoto ndiye atakayeitwa mwongo. Nikinyamaza, pia ataitwa mwongo.

Wewe unampeleka jogoo wako maonyeshoni mwezi ujao. Using'oe. Usipake rangi. Usijiambie "viwili tu". Na usimfiche mwanao, maana wangu amekaa hapa ananiuliza mbona sifurahi.